Kutoka Kijiko hadi Diski: Historia ya Breki ya Baiskeli na Funzo Lake kwa Watunga Istilahi

UTANGULIZI

"Usifunge breki kabla ya kurudisha gurudumu." Sentensi hii niliiandika mimi mwenyewe katika karatasi ya maelekezo niliyoombwa kuitafsiri kwa ajili ya mafundi waliopokea baiskeli za milimani zilizokwisha tumika, zenye breki za diski. Niliipitia mara mbili nikaiona ni fasaha. Maana niliyoikusudia ilikuwa kwamba gurudumu likiwa limetolewa, fundi asibonyeze mkono wa breki.

Fundi aliyeipokea karatasi hiyo aliielewa kwa maana nyingine, nayo kwa Kiswahili ni halali kabisa: asivikaze vipande vya breki mahali pake mpaka gurudumu liwe limerudi. Kubonyeza mkono hakukuona kuwa kumekatazwa. Kwa hiyo, pedi zikiwa nje, aliubonyeza ili aone kama pistoni zinacheza. Pistoni moja ikachomoka na kiowevu kikamwagika. Mstari uliofuata katika karatasi yangu ulisema: "Hakikisha mafuta ya breki yanatosha, yakipungua, ongeza." Naye akaongeza mafuta aliyokuwa nayo, yaani mafuta ya injini. Uani breki ilionekana kushika. Baada ya siku chache mipira ya kuzibia ilikuwa imevimba na kuharibika, na kijana mmoja alipokuwa akiteremka kilima, mkono wa breki ulifika hadi kwenye usukani bila ya gurudumu kushikwa. Alivunjika kifundo cha mkono.

Nilikwenda kumwona fundi yule, mzee wa rika la baba yangu. Nilimwamkia, akaniitikia kwa upole, kisha akanyoosha karatasi juu ya meza ya kazi. "Mwanangu," aliniambia, "mimi nilifuata maneno, na maneno ni yako." Sikuwa na la kujibu.

Makala haya yanakusudia kutafuta chanzo cha kosa lile. Hapo mwanzo nilidhani kwamba chanzo ni uhaba wa msamiati. Baada ya kuichunguza historia ya breki ya baiskeli, nimeiacha dhana hiyo. Maneno tuliyokuwa nayo yalitosha, tena yalikuwa mazuri, ila yalikuwa maneno ya breki nyingine. Katika muda wa miaka mia mbili breki ya baiskeli imehama kutoka uso wa gurudumu hadi kwenye rimu na ndani ya habu, na hatimaye hadi kwenye diski. Kila ilipohama, kazi yake ilibaki ile ile, lakini vipande vyake, mali yake na hatari zake zilibadilika. Maneno yetu hayakuhama pamoja nayo. Mtafsiri asiyeijua safari hiyo atamwandikia fundi wa leo kwa lugha ya breki ya jana.

KIJIKO JUU YA GURUDUMU

Mwaka 1817 Karl Drais alipoitembeza mashine yake ya magurudumu mawili karibu na mji wa Mannheim, Ujerumani, mashine hiyo haikuwa na pedali. Mpandaji alikaa juu yake akaisukuma ardhi kwa miguu. Hata hivyo, haikusahauliwa breki: kamba ilivuta kipande kilichokandamiza gurudumu la nyuma. Katika miaka ya 1860 zilitokea Paris zile velosipedi zinazohusishwa na jina la Michaux, ambazo pedali zake zilikuwa kwenye gurudumu la mbele. Mpandaji alizungusha mpini wa usukani, kamba ikakazika, na kipande chenye umbo la kijiko kikabana gurudumu la nyuma. Katika baiskeli za gurudumu kubwa la mbele, zilizovuma katika miaka ya 1870 na 1880, kijiko kilihamia mbele. Aliyekibana kwa pupa alirushwa kichwa mbele, kwa kuwa alikaa juu sana na karibu mno na ekseli.

Jambo hili si geni kwetu. Wasukuma mkokoteni katika miji ya Afrika Mashariki hufunga kipande cha tairi kuukuu nyuma ya mkokoteni. Kwenye mteremko huinua mikono ya mkokoteni, kipande kile kikaburura barabarani, na mzigo ukapunguza mwendo. Kanuni ni ile ile ya Drais: kitu kimoja kinasugua kingine, na mwendo unageuka kuwa joto. Breki zote tutakazozitaja hapa ni za namna hiyo. Zinatofautiana tu katika mahali pa kusugulia, mali inayosugua, na njia ya kufikishia nguvu ya mkono mahali hapo.

Kijiko kilishindwa kwa sababu ya jambo jema. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli aliyoiita Rover, yenye magurudumu yaliyokaribiana kwa ukubwa na mnyororo wa kuendesha gurudumu la nyuma. Ndiyo mama wa baiskeli tunazozijua. Miaka mitatu baadaye, 1888, John Boyd Dunlop wa Belfast alipata hataza ya tairi la upepo. Kijiko cha chuma kilichosugua juu ya tairi la namna hiyo kiliula mpira wake haraka. Ikawa lazima breki itafute mahali pengine.

RIMU, MPIRA NA HABU

Mahali pa kwanza palikuwa rimu. Wazo la kuibana rimu kwa vipande viwili lilikuwa limekwisha kuwapo: Waingereza Browett na Harrison walipata hataza ya breki ya namna hiyo mwaka 1876. Mwaka 1896 Ernest Monnington Bowden alipata hataza ya waya unaopita ndani ya ala, ambao hufikisha nguvu ya mkono hata pale njia inapopinda. Waya wa breki tuujuao ni wa ukoo huo.

Hata hivyo, baiskeli zilizoenea zaidi Afrika Mashariki kwa miaka mingi hazikutumia waya bali vyuma vyembamba. Raleigh ya Nottingham, Phoenix ya Shanghai na Hero ya Ludhiana zote zilileta breki za namna hii. Mkono wa breki huvuta chuma, chuma huinua kibanio chenye umbo la kikuku cha kupandia farasi, na vipande viwili vya mpira hugusa rimu kwa upande wa ndani, upande wa spoki. Vipande hivyo mafundi waliviita "mpira wa breki". Jina hilo halikutungwa na kamati yoyote, na wala halikuhitaji kamati. Kitu ni mpira, kazi yake ni ya breki, na hapakuwa na mpira mwingine katika breki ile. Maadamu breki ilibaki hivyo, istilahi ilikuwa timilifu.

Mahali pa pili palikuwa ndani ya habu. Mwishoni mwa karne ya 19 Wamarekani walianza kutumia breki ambayo mpandaji huishikisha kwa kukanyaga pedali kinyume. Mwaka 1903 Ernst Sachs wa Ujerumani alitoa habu yake iitwayo Torpedo, ambayo iliuzwa kwa mamilioni. Breki hii haina waya, haina mpira, na haipatwi na mvua wala tope. Vipande vyake vya chuma husuguana ndani ya habu iliyojazwa grisi. Ni breki ya kutegemewa mahali tambarare. Udhaifu wake ulikuja kudhihirika mlimani, na katika kudhihirika huko ikazaliwa baiskeli ya milimani.

MLIMA TAMALPAIS

Katika miaka ya 1970, vijana wa wilaya ya Marin, jimbo la California, Marekani, walikuwa wakizinunua kwa bei ndogo baiskeli nzito za miaka ya 1930 na 1940, zenye matairi manene, na kuteremka nazo katika njia za vumbi za Mlima Tamalpais na vilima vilivyouzunguka. Nyingi zilikuwa na breki za habu. Njia moja karibu na mji mdogo wa Fairfax huteremka kiasi cha mita 400 katika umbali wa kilomita 3 na kitu. Hadi mpandaji afike chini, habu imepata joto la kuunguza, na grisi yake imegeuka moshi. Kabla ya kuteremka tena, ilimpasa aifungue habu na kuijaza grisi upya.

Kazi hiyo ya kujaza upya, kwa Kiingereza chao, ndiyo iliyoipa njia ile jina la Repack. Mashindano ya kwanza ya Repack yalifanyika tarehe 21 Oktoba 1976. Kwa mtunga istilahi jambo hili linastahili kukumbukwa: mahali pamepewa jina la matengenezo ya breki. Waliopabatiza walikuwa watu wenye grisi mikononi, na walilichagua jina kwa sababu kila mmoja wao alijua ni kazi gani inayotajwa.

Kutoka katika mashindano hayo Joe Breeze alianza mwaka 1977 kuunda fremu mpya kwa kusudi hilo. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly walianzisha biashara ya kuuza baiskeli zilizoundwa na Tom Ritchey, na mwaka 1981 baiskeli ya Stumpjumper ya kampuni ya Specialized iliifikisha aina hii kwa wanunuzi wa kawaida. Breki za habu ziliachwa. Breki ya rimu ikarudi, sasa ikiwa na mikono miwili iliyoegemea uma wa baiskeli, na mwaka 1996 kampuni ya Shimano ya Japani ikatoa ile yenye mikono mirefu iitwayo breki ya V, yenye nguvu kuliko zilizotangulia.

Lakini rimu ina kasoro zisizotibika. Iko karibu na ardhi, kwa hiyo huloa na kupakwa tope. Ikipinda kidogo kwa kugonga jiwe, breki hugusa upande mmoja na kuachia mwingine. Na kwenye mteremko mrefu joto lake huingia katika tairi na tyubu. Ilipasa breki ihame tena.

DISKI

Diski ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Frederick William Lanchester, mhandisi wa Birmingham, alipata hataza ya breki ya diski ya gari mwaka 1902. Shida yake ilikuwa mali ya kusugulia: shaba juu ya chuma ilipiga kelele isiyovumilika na kulika upesi. Baadaye mali bora zilipatikana, miongoni mwake asibesto, ambayo ilidumu katika breki za magari kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 mpaka madhara ya vumbi lake kwa mapafu yalipothibitika. Uingereza ilipiga marufuku matumizi yake yaliyosalia mwaka 1999.

Njia ya kufikisha nguvu nayo ilibadilika. Mwaka 1921 gari la Duesenberg Model A lilitolewa Marekani likiwa na breki za kiowevu katika magurudumu yote manne. Kanuni yake ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: mkazo unaotiwa katika kiowevu kilichofungiwa husambaa sawasawa pande zote. Mwaka 1953 magari ya Jaguar yenye breki za diski za Dunlop yalishinda mashindano ya Le Mans, Ufaransa. Mwaka 1955 Citroën DS ilikuja na diski katika magurudumu ya mbele, na mwaka 1969 pikipiki ya Honda CB750 iliwazoesha waendesha pikipiki diski ya kiowevu.

Baiskeli ilifuata kwa kuchelewa. Majaribio yalikuwapo tangu miaka ya 1970, lakini ni katika miaka ya 1990 ambapo baiskeli za milimani zilianza kuiandama diski kwa dhati. San Andreas ya kampuni ya Mountain Cycle ya California, iliyoundwa na Robert Reisinger, ilitolewa mwaka 1991 ikiwa nayo. Diski ya baiskeli ni bamba la chuma cha pua lenye matundu, lililofungwa kwenye habu. Vipenyo vyake vya kawaida ni milimita 160, 180 na 203, na unene wake ikiwa mpya hukaribia milimita 1.8 tu. Hata mashindano ya barabarani, yaliyoipinga kwa muda mrefu, yaliikubali rasmi mwaka 2018.

Hivyo ndivyo diski ilivyotufikia: si kwa maduka ya baiskeli mpya peke yake, bali pia kwa makontena ya baiskeli zilizokwisha tumika. Fundi aliyejifunza kazi juu ya vyuma vya Raleigh alijikuta siku moja akiangalia mrija mwembamba mahali pa waya, na vipande viwili vidogo mithili ya sarafu mahali pa mpira.

KURUDISHIA PEDI: KAZI NA MANENO YAKE

Sasa tuitazame kazi yenyewe, kwa kuwa istilahi isiyopimwa kwa kazi haina mizani. Nitaieleza kama nilivyofundishwa baadaye na mzee yule, nikionyesha katika kila hatua neno linaloweza kumkosesha msomaji.

Kwanza gurudumu hutolewa. Kisha fundi hutazama pedi. Kila pedi ina sehemu mbili: bamba la chuma la mgongoni, na tabaka linalosugua, ambalo ama ni la utomvu uliochanganywa na nyuzi ama ni la unga wa metali uliookwa pamoja. Watengenezaji wengine huagiza pedi ibadilishwe pindi tabaka la kusugulia linapobaki milimita 0.5. Wengine hupima tabaka pamoja na bamba, na kuagiza jumla isipungue milimita 3. Hapa mtego wa kwanza uko wazi. Mtafsiri akiandika "unene wa pedi" tu, fundi wa breki ya aina ya pili atapima pedi yenye jumla ya milimita 2, ataona ni mara nne ya 0.5 aliyoisoma kwingine, na atairudisha pedi ambayo imekwisha kazi. Hapana budi kuandika "unene wa tabaka la kusugulia" au "unene wa pedi pamoja na bamba".

Pili, pini inayoshikilia pedi huchomolewa, na pedi hutolewa pamoja na springi iliyo kati yake. Hapa ndipo lilipo katazo nililolivuruga. Pedi na diski zikiwa hazipo, hakuna kinachozuia pistoni zisitoke, na kila mbonyezo wa mkono wa breki huzisogeza nje. Kwa Kiswahili cha kila siku, dereva aliyesimama ghafla "amefunga breki", na fundi anayekaza bolti za breki naye "anafunga breki". Mitaani muktadha hutenganisha maana hizi bila ya taabu. Katika karatasi ya maelekezo ya ufundi, muktadha wenyewe ni kufunga na kufungua vitu, kwa hiyo maana ya pili hushinda daima. Kitenzi "funga" hakifai kabisa kwa kuendesha breki katika maandishi ya aina hii. "Bonyeza mkono wa breki" hakina maana mbili.

Tatu, pistoni husukumwa ndani taratibu kwa kitu cha plastiki au ubao laini, ili pedi mpya zilizo nene zipate nafasi. Kiowevu hurudi juu kwenye tangi dogo lililoko kwenye mkono wa breki. Na hapa pana mtego mkubwa kuliko yote, yaani "mafuta ya breki". Baadhi ya breki za baiskeli hutumia mafuta ya madini. Nyingine hutumia kiowevu cha DOT, jina linalotokana na herufi za mwanzo za Idara ya Usafirishaji ya Marekani. Kiowevu cha DOT 4 si mafuta kabisa. Hunyonya unyevu hewani, na kwa sababu hiyo viwango vyake vimewekwa viwili: kikiwa kikavu kisichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, na kikiwa kimekwisha nyonya unyevu kisichemke chini ya nyuzi 155. Kikichemka huwa mvuke, na mvuke hubanika, ndipo mkono wa breki hufika kwenye usukani bila ya gurudumu kushikwa. Mipira ya kuzibia iliyotengenezwa kwa ajili ya kimoja huharibiwa na kingine. Hata tarakimu zina hila: DOT 5 ni ya silikoni, ilhali DOT 5.1 ni ya ukoo wa DOT 4, na hazichanganywi.

Maadamu vitu hivi vyote tunaviita "mafuta ya breki", tunamwambia fundi kwamba ni jamaa ya mafuta aliyonayo rafuni. Tena "tia mafuta kwenye breki" yaweza kueleweka kuwa paka mafuta juu ya breki, jambo ambalo ni sumu kwa pedi: tone moja likipenya katika tabaka la kusugulia, aghalabu pedi hiyo haifai tena. Neno tunalo siku nyingi katika vitabu vya sayansi vya shule, nalo ni "kiowevu". Tukisema "kiowevu cha breki" kwa jumla, kisha "cha DOT" au "cha mafuta ya madini" kwa aina, mtego wote unateguka.

Nne, kibano na diski husafishwa kwa spiriti na kitambaa safi, na pedi mpya hurudishiwa na springi yake, nyuso za kusugulia zikitazamana. Pini hurudishwa na ncha yake hukunjwa au hufungiwa kishikizo. Gurudumu hurudi, na hapo tu ndipo mkono wa breki hubonyezwa mara kadhaa mpaka uwe mgumu.

Tano, pedi hazijawa tayari. Mpandaji huenda kwa mwendo wa wastani mahali tambarare, hubonyeza breki mpaka baiskeli ikaribie kusimama, kisha huachia, na kurudia hivyo mara nyingi, ili mali kidogo ya pedi ipakike juu ya diski kwa usawa. Nilikuwa nimeiita hatua hii "kulainisha pedi". Mzee alicheka. Katika karakana, kulainisha ni kutia grisi. Yeye huiita "kuzoesha", kama mtu anavyozoesha viatu vipya, nami sijapata neno bora kuliko hilo.

JE, TUTUNGE AU TUPOKEE?

Ni haki nikiri kosa jingine. Katika rasimu ya kwanza nilikuwa nimetunga neno "kisuguo" badala ya pedi, nikijivunia kwamba linatokana na "sugua" kama vile "msuguano" wa wanafizikia. Mzee aliniuliza, "Kisuguo ni cha kusugulia nini, sufuria?" Neno "pedi" lilikuwa limekwisha mfikia kwa njia ya magari na pikipiki, na halikuwa na shaka kwake. Ni kweli kwamba "pedi" ina maana nyingine dukani, na kwamba katika baiskeli inakaribiana kwa sauti na "pedali". Shaka hiyo huondoka tukiandika "pedi ya breki" kwa ukamilifu.

Kinyume chake, "mpira wa breki", neno lile lililokuwa timilifu zama za Raleigh, sasa ni la hatari. Katika breki ya diski lingeweza kuwa pedi (ambayo si mpira), mrija wa kiowevu, au kizibo cha pistoni. Fundi akiambiwa "kagua mpira wa breki" atakagua kipi? Neno hilo tusilifute, maana breki za rimu zingalipo kwa wingi. Tulibakishe kwa breki hizo peke yake.

Basi kanuni ninayoiona si "tunga" wala "pokea". Kanuni ni kuuliza kila mara: katika kazi hii, na katika hatua hii, neno hili laweza kushikwa vibaya vipi, na nani ataumia?

MAPENDEKEZO

Kwa maelekezo yote ya breki za diski za baiskeli, napendekeza yafuatayo yafikiriwe na wahusika:

1. Diski ya breki: bamba la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu.
2. Kibano cha breki: kifaa kinachobeba pistoni na pedi na kuibana diski.
3. Pedi ya breki: kipande kinachosugua diski, chenye bamba na tabaka la kusugulia. Unene utajwe daima ni wa nini.
4. Kiowevu cha breki: jina la jumla. Aina yake itajwe kila mara, pamoja na tarakimu zake kamili.
5. Mrija wa breki: njia ya kiowevu. Usiitwe mpira.
6. Kizibo cha pistoni: mpira wa kuzuia kiowevu kisivuje.
7. Kubonyeza mkono wa breki: kuendesha breki. "Kufunga" kuachiwe kazi ya bolti na pini.
8. Kuzoesha pedi: hatua ya mwisho baada ya kurudishia.

HITIMISHO

Vijana wa Marin waliiita njia yao kwa jina la kazi waliyoifanya wenyewe, na jina likaeleweka. Mafundi wetu waliita mpira kuwa mpira, na hawakukosea mpaka kitu kilipobadilika. Aliyekosea ni mimi niliyekaa kati ya kitu kipya na neno la zamani bila ya kukitazama kitu. Afisa wa istilahi, mwalimu wa ufundi na mtafsiri serikalini wote wamekaa pale pale. Kukitazama kitu, na kuisoma sentensi mbele ya mtu atakayeifuata kwa mikono yake, ni sehemu ya kazi yetu kama ilivyo kufungua kamusi.

Karatasi ile imeandikwa upya. Nilimpelekea mzee nakala ya kwanza kabla haijapigwa chapa, naye akaisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari: "Gurudumu likiwa limetolewa, usibonyeze mkono wa breki." Akanitazama juu ya miwani. "Hili," alisema, "hata mwanafunzi wangu atalifuata."

Wasomaji, hasa walimu wa vyuo vya ufundi na watafsiri wa vitabu vya maelekezo, wanakaribishwa kuleta maoni yao juu ya mapendekezo haya, pamoja na maneno yanayotumiwa na mafundi wa sehemu zao.